Mtihani Ambao Jirani Anaweza Kukufanyia

"Taja na ueleze tofauti tano kati ya benki na Sacco. Alama 10." Kama umewahi kusoma kozi ya huduma za kifedha kwa njia ya mbali, umekutana na swali hili ama na pacha wake. Unalijibu usiku baada ya kazi, unapakia kwenye tovuti ya chuo, unasubiri gredi.

Swali hili halipimi kitu. Linaweza kujibiwa na wewe, na binamu yako, na programu ya AI, au na kijana wa Roysambu anayelipwa kwa ukurasa. Na huyo wa Roysambu si tunamjua? Vijana wa Kenya wamewaandikia wanafunzi wa Uingereza na Marekani asaimenti kwa miaka, hadi filamu ikatengenezwa juu yao, The Shadow Scholars, mwaka 2024. Bunge la Uingereza lenyewe lilipitisha sheria mwaka 2022 kuwaharamisha wanaouza kazi hizo. Sisi, kuliko watu wengi, tunajua kwamba asaimenti inayoandikwa vizuri na mtu asiyewahi kufungua hata somo moja la kozi hiyo haina haja ya kusahihishwa. Bado ndiyo tunayopewa.

Wakubwa wa vyuo wakiulizwa, wanasema shida ni umbali. Dawa yao ni kamera. Keti mbele ya laptopu, usiangalie kando, usiongee, mtoto asipite nyuma yako. Stima ikipotea, shauri yako. Kamera inathibitisha kwamba ni wewe uliyeketi hapo. Kwamba unajua riba ni nini, hiyo haiwezi kuona.

Umbali haujawahi kuwa shida. Angalia nani wanasoma hii kozi kwa mbali: karani wa Sacco, wakala wa M-Pesa, muuzaji wa bima, mweka hazina wa chama. Watu wanaojua floti inavyoisha jioni ya mwisho wa mwezi, na wanaojua sura ya mdhamini akigundua aliyemdhamini amehama mtaa. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo usiniulize cheti, lakini ninaishi na mmoja wao. Aliulizwa kuhusu hatari za udhamini wa mikopo. Akaandika anachokiona kaunta kila wiki: wadhamini wanaodhaminiana kwa zamu, mmoja akianguka wote wanaanguka. Akapata sufuri. Haikuwa kwenye notsi. Mwenzake alikopi notsi neno kwa neno, akapata zote. Chuo sitakitaja, na sidhani kiko peke yake.

Sasa wacha nitunge swali langu. M-Shwari ilipozinduliwa Novemba 2012, mkopo ulitozwa asilimia 7.5 kwa siku 30, na ikaitwa ada, si riba. Hustler Fund ilipozinduliwa Novemba 2022, ilikuja na riba ya asilimia 8 kwa mwaka, lakini ulilipe ndani ya siku 14, na asilimia 5 ya mkopo ikatwe iwe akiba kabla pesa haijakufikia. Mama mboga anataka 2,000 aende Marikiti alfajiri. Kwa masharti hayo, achukue upi? Na kwa nini huenda akachagua ule ghali?

Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Upande mmoja ada ni 150, na ukiikokotoa kwa mwaka mzima inakaribia asilimia 90. Upande wa pili riba ya siku 14 ni shilingi 6 na senti kidogo, ila anapokea 1,900, na wiki mbili zinafika kabla wateja wake wa deni hawajalipa. Je, ile 150 ni ada ama ni riba iliyobadilishwa jina? Fungua vitabu vyote, uliza AI, pigia mjomba wako wa benki. Hakuna mwakenya wa swali kama hili, kwa sababu bado utalazimika kutetea uamuzi wako.

Na utautetea kwa simu. Dakika 10, mhadhiri anauliza: umesema achukue Hustler, sasa kiwango chake kikiwa 500 tu, utamwambiaje? Aliyeandikiwa atanyamaza hapo. Karani wa Sacco ndiyo kwanza ataanza kuongea, na wala hahitaji bando wala laptopu.

Watasema ni ghali. Haya, tuhesabu. Wanafunzi 200 kwa dakika 10 ni dakika 2,000, saa 33 na dakika 20. Wiki moja ya kazi ya mtu mmoja, kwa muhula. Kinachoogopwa ni kumlipa huyo mtu. Wahadhiri wetu waligoma 2024, wakagoma tena 2025, wakidai pesa zilizokuwa kwenye makubaliano yaliyotiwa saini. Programu ya kamera haigomi.

Kwa hivyo kabla chuo chochote hakijalipia leseni nyingine ya kuwachungulia watu vyumbani mwao, kiwaonyeshe wanafunzi wake wa fedha bei ya hiyo leseni, na kando yake gharama ya saa 33 za mhadhiri. Nambari mbili tu, kwenye tovuti ileile tunayopakia asaimenti.