Sumaku ya Kompyuta Kupima Damu: Mashine Poa, Katriji Je?

Wadau, kama hiyo kompyuta unayobonyeza hapo ina diski ngumu ya kuzunguka, basi humo ndani mna teknolojia ambayo watu wanataka kuihamishia hospitali. Sitanii.

Mwaka 1988 Albert Fert wa Ufaransa na Peter Grünberg wa Ujerumani, kila mtu kivyake, waligundua kuwa ukipanga matabaka membamba mno ya metali, umeme unapita kirahisi au kwa shida kutegemeana na sumaku iliyo karibu. IBM wakauza diski za namna hiyo kuanzia 1997, na 2007 wazee wakachukua Nobel ya fizikia.

Sasa kama kichwa cha diski kinasoma kisumaku kidogo vile, kwa nini kisisome ugonjwa? Watafiti wa jeshi la majini la Marekani walichapisha chipu ya aina hiyo 1998, halafu Shan Wang na wenzake wa Stanford wakaisukuma mbele.

Kazi yenyewe iko hivi. Juu ya chipu wanabandika kingamwili zinazonasa protini fulani ya ugonjwa. Unadondoshea damu, protini inanasa. Kisha vinaletwa vichembe vya sumaku vyenye kingamwili nyingine, vinaing'ang'ania ile ile protini kwa juu. Vichembe vikiwa vingi, chipu inajua. Utamu wake ni kwamba damu, mkojo na mate karibu havina sumaku yake vyenyewe, kwa hiyo uchafu wa sampuli hausumbui kama kwenye vipimo vya mwanga.

Sokoni tayari kuna ndugu yake: Atellica VTLi ya Siemens Healthineers, kidude cha mkononi kinachopima dalili za shambulio la moyo kwa damu ya kidoleni, dakika 8 hivi. Hicho kinatumia vichembe vya sumaku, ila kusoma kinasoma kwa mwanga.

Najua kuna mtu atasema, "Theranos hao!" Haki yake. Ile kampuni ilijigamba kwa matone ya damu, ikafa 2018, na mwenyewe Elizabeth Holmes akatiwa hatiani 2022 kwa kuwatapeli wawekezaji. Lakini ile haikuwa sumaku, na ilificha mambo yake. Hizi chipu zimechapishwa, wengine wamezikagua.

Hofu yangu mimi iko kwenye katriji. Mnaijua printa: mashine bei chee, wino unakuua. GeneXpert ya kifua kikuu ilipitishwa na WHO Desemba 2010, mashine zikaja mpaka kwetu. Katriji moja ikakaa kwenye dola 9.98 tangu 2012 hadi 2023, ndipo ikashuka kuwa 7.97, tena baada ya kelele nyingi za Madaktari Wasio na Mipaka waliosema kuitengeneza hakufiki dola 5. Na huwezi kuchomeka katriji ya kampuni nyingine.

Chipu za sumaku nazo ni za kutumia mara moja na kutupa. Nyie mnaofanya kazi maabara hebu tuambieni: huko kwenu mashine inalala kwa ubovu, au kwa kukosa katriji?