Jaketi Livaliwe Ufuoni

Katika fuo za Ziwa Victoria za Mbita na Sindo, kaunti ya Homa Bay, na zile za Sori na Muhuru katika Migori, magharibi inapoingia na wavuvi wa omena kuanza kutayarisha taa zao, si nadra kuona mashua ikisukumwa majini ilhali jaketi la kuokoa maisha, kama limo, limetandikwa ubaoni likakaliwa, au limefanywa mto wa kulalia. Jaketi la namna hiyo halina amana, kwani sponji yake ikikandamizwa mwaka hata mwaka hupungukiwa na nguvu ya kuelea, na mikanda yake ikioza haishiki kifua.

Hoja ya kwamba fulani ni hodari wa kuogelea hatuikubali kabisa. Dhoruba ya usiku ikipindua chombo, hodari huyo aweza kupigwa na ubao akazimia kabla hajapiga mbizi ya kwanza. Wala ukaribu wa nchi kavu si salama: mnamo 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia gati la Ukara, upande wa Tanzania wa ziwa hili hili, wakahiliki watu zaidi ya 220.

Ughali wa jaketi ni udhuru wa haki kwa kibarua, bali si kwa mwenye mashua, anayepokea fungu lake la samaki kila alfajiri. Basi tunaziomba kamati za fuo zisiruhusu chombo chochote kuondoka mpaka kila aliyemo awe amelivaa jaketi lake na kulifunga.