Ndizi Nazo Zina Mionzi

Shangazi yangu alifia nyumbani kwake, Kyerwa, safari ya siku moja kwa basi kutoka kwenye mashine ambayo ingeweza kumsaidia. Nauli haikuwa tatizo. Ukoo ulishachanga. Alikataa kwenda.

Rufaa ilikuwa ya Bugando, Mwanza: saratani ya mlango wa kizazi, tiba ya mionzi. Wiki hiyo nyumba ilijaa washauri. Mmoja alisema mionzi inakuchoma tumbo lote. Mwingine akasema ukirudi huwezi kumpakata mjukuu, utamwambukiza. Shangazi akanigeukia mimi, msomi wa ukoo. "Mwanangu, ni kweli?"

Nikamwambia, "Madaktari wanajua, shangazi. Wewe nenda tu."

Miezi minne baadaye tulimzika pembeni ya mgomba wake.

Jibu nilikuwa nalo. Kwenye Fizikia ya kidato cha nne nilikokotoa muda ambao kobalti-60 hupungua nusu: miaka mitano na miezi mitatu hivi. Nikapata vema. Kobalti hiyo ndiyo iliyotibu saratani duniani kwa miongo mingi. Chanzo chake kikisharudishwa kwenye kasha la risasi, mgonjwa anainuka na kwenda zake, na mjukuu anapakatwa kama kawaida. Niliyajua haya kwa Kiingereza, kwa ajili ya mtihani, na yakaishia kwenye karatasi ya mtihani.

Kwa hiyo nikisikia wenzangu wanasema watu wa vijijini wanaogopa hospitali kwa sababu ya ujinga, napandwa na hasira. Shangazi aliuliza swali zuri. Aliyeshindwa ni aliyeulizwa.

Wengine hujitetea kwamba Kiswahili hakina maneno ya sayansi hizi. Waulizeni wanaanga. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, satelaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa ajili ya kupima eksirei zitokazo kwenye nyota ilirushwa kutoka pwani ya Malindi. Wamarekani waliitengeneza, Waitaliano wakairusha, nayo ikaitwa Uhuru. Ilizunguka ikiambaa na Ikweta, juu ya ukanda huu huu wa Karagwe, ikipima mionzi ya mbinguni kwa jina la Kiswahili. Neno letu limo kwenye vitabu vya wanaanga tangu hapo. Sisi huku chini tukaendelea kuambiana kwamba mionzi inaambukiza kama surua.

Maneno yapo, tena hayahitaji hata kamusi. Ningeanza na ndizi. Ningesema: Shangazi, ndizi unazomenya kila siku zina madini ya potasiamu, na sehemu ndogo mno ya potasiamu hiyo hutoa mionzi. Imo mwilini mwako tangu umezaliwa, na imo kwenye mjukuu wako. Mionzi ni kama moto: jikoni unaivisha, kwenye paa unateketeza. Kinachotofautisha ni kiasi, mahali na mkono unaoushika.

Kisha ningemsimulia mbung'o, maana alifuga ng'ombe na nagana aliijua kwa hasara. Kule Unguja walichukua madume waliofugwa Tanga, wakawapiga mionzi ili wasizalishe, wakawamwaga kwa ndege. Jike wa mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani. Akipandwa na dume tasa, ndiyo basi. Mwaka 1997 Unguja ikatangazwa haina mbung'o. Hiyo nayo ni nyuklia, na haikuua mtu.

Najua nitakachojibiwa: mionzi ni hatari kweli. Ndiyo. Chernobyl mwaka 1986 ilitokea, na baada yake chakula kikaanza kupimwa nchi nyingi. Hapa kwetu Tume ya Nguvu za Atomiki hupima mionzi kwenye vyakula vinavyoingia na kutoka nchini, na ni sawa. Namtumbo kuna urani. Hapa Kyerwa tunachimba bati, na shimo lolote refu lisilo na hewa ya kutosha linaweza kukusanya gesi ya radoni kutoka kwenye mwamba. Sisemi mashimo yetu yana hatari hiyo. Nasema swali hilo hujibiwa kwa kipimo, na mchimbaji asiyejua kwamba mionzi hupimika hawezi hata kudai apimiwe. Ukimya huo huo unamfanya mama aogope dawa na kijana asiogope shimo.

Gunia la chakula linalovuka mpaka hupata kipimo na cheti. Shangazi yangu hakupata maelezo ya dakika kumi, na deni la dakika hizo ni langu. Silihamishii kwa serikali wala kwa walimu.

Wewe unayesoma hapa una simu yenye vifurushi, na pengine jana umebishana hadi saa saba usiku kuhusu safari ya Mars. Endelea, mjadala ni mtamu. Ila kwenu nako yupo mtu mwenye karatasi ya rufaa iliyokunjwa chini ya godoro. Mpigie leo. Na akikuuliza kama ni kweli, usimwambie kwamba madaktari wanajua.