Usipokee Bati la Asbesto la Bure

Je, shule ya kijiji chako ina paa la kijivu, zito, lenye mawimbi, lisilo la chuma? Huenda ni paa la asbesto. Mapaa hayo yaliwekwa zamani kwenye shule, zahanati na nyumba nyingi hapa Afrika Mashariki. Sasa yamechakaa na yanashushwa. Watu huyagombea yaliyo mazima wakaezeke mabanda ya kuku. Vipande hutupwa njiani kuziba mashimo. Mimi nasema jambo hili ni la hatari.

Asbesto ni jiwe linalochimbwa ardhini. Ni jiwe la ajabu, maana lina nyuzi kama pamba. Viwandani nyuzi hizo zilichanganywa na saruji, yakapatikana mabati. Bati likiwa zima, saruji huzishika nyuzi. Likikatwa kwa msumeno, likitobolewa au likivunjwa, nyuzi hutoka pamoja na vumbi. Ni ndogo mno, macho hayazioni. Ukizivuta huingia mapafuni na kukaa humo. Mwili hauwezi kuzitoa zote.

Baadaye mapafu hupata makovu, nayo huwa magumu. Mtu huhema kwa shida. Wengine hupata saratani ya mapafu. Wengine hupata saratani ya utando unaofunika mapafu. Hiyo ya utando ikishaonekana, wengi hawaishi muda mrefu.

Ugonjwa hauji kesho. Huja baada ya miaka 20, 30, hata 40 na zaidi. Ndiyo maana fundi husema, "Mimi nakata mabati haya tangu ujana wangu, mbona sina neno?" Hana neno leo.

Aliyevuta vumbi jingi kwa muda mrefu ndiye aliye hatarini zaidi. Lakini asiyefanya kazi hiyo pia aweza kufa. Mwaka 1960 madaktari wa Afrika Kusini walieleza habari za wagonjwa 33 wa saratani ya utando. Wengi wao walihusika na machimbo ya asbesto ya Cape. Baadhi hawakuchimba kamwe. Waliishi tu karibu na machimbo. Kuna pia wanawake waliougua kwa kufua nguo za kazi za waume zao, zilizojaa vumbi. Afrika Kusini ilipiga marufuku asbesto mwaka 2008.

Na sigara je? Marekani walichunguza mafundi waliofanya kazi na asbesto. Matokeo yalitolewa mwaka 1979. Tuchukue makundi ya watu yaliyo sawa kwa idadi. Kundi lisilovuta sigara wala kushika asbesto likipata kifo 1 cha saratani ya mapafu, kundi la asbesto peke yake lilipata 5. Kundi la sigara peke yake lilipata kama 11. Kundi la vyote viwili lilipita 50! Basi fundi aliyewahi kukata mabati haya na bado anavuta, aache leo. Kuacha kutamsaidia. Lakini asijidanganye: ile saratani ya utando haitokani na sigara, na asiyevuta huipata vilevile.

Sasa nitasema jambo ambalo wengine hawatalipenda. Paa la shule likiharibika, tunaitisha msaragambo. Vijana ndio wanaopandishwa juu, na watoto wa shule ndio wanaookota vipande. Tunafanya kinyume. Mtoto wa miaka 12 ana miaka mingi mbele yake, na ugonjwa huu unahitaji miaka mingi tu. Kazi hii si ya kujitolea. Kamati ya shule iende wilayani idai mafundi waliofundishwa, wenye vifaa vya kuzuia vumbi. Kitambaa cha kufunika pua hakizuii nyuzi hizi. Fedha zikikosekana, paa likae kwanza, mradi ni zima na halisuguliwi.

Na kama tayari unalo bati hilo nyumbani? Usilivunje. Usilikate. Usilichome moto, maana hupasuka kwa kishindo na kurusha vipande. Kama limevunjika, limwagie maji kabla ya kuligusa, wala usifagie vumbi lake likiwa kavu. Weka watoto mbali, kisha mwulize bwana afya mahali pa kulifukia.