KINGA YA SARATANI HAIMO KATIKA KICHUPA

Katika vituo vya mabasi, minadani na kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, si ajabu siku hizi kumkuta mchuuzi akinadi vidonge na unga wa kusafisha damu na kuzuia saratani. Kwa kuwa wanunuzi wengi ni watu wanaoipata fedha yao kwa jasho, tunaona ni wajibu wetu kulisema jambo hili waziwazi.

Wachuuzi hao huanza na ukweli. Mwili huunguza chakula kwa hewa ya oksijeni ili upate nguvu, kama jiko linavyounguza kuni. Jiko hurusha cheche. Mwili nao huzalisha chembe kali za oksijeni. Chembe hizo zikizidi uwezo wa mwili wa kuzizima, huharibu seli na vinasaba vilivyomo, na uharibifu huo ukirundikana kwa miaka mingi huweza kuchangia saratani. Tumbaku na pombe huzidisha cheche hizo. Mboga na matunda vina vitamini na viini vinavyosaidia kuzizima.

Lakini kutoka mboga hadi kidonge ni safari ndefu. Nchini Finland, wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 walishiriki katika jaribio la vidonge vya vitamini. Matokeo ya mwaka 1994 yalionyesha kuwa waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Mwaka 1996 jaribio kama hilo nchini Marekani, lililowahusu wavutaji na watu waliofanya kazi penye asbesto, lilisimamishwa kabla ya wakati wake. Mchimbaji wa Geita au Kahama anayevuta sigara huku akimeza vumbi la mwamba, vumbi ambalo nalo husababisha saratani ya mapafu, ndiye hasa apaswaye kukiogopa kichupa hicho.

Adui wa kweli yumo ghalani na bwawani. Mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu huota kuvu lenye sumu. Mwaka 1993 wataalamu wa kimataifa waliithibitisha sumukuvu kuwa kisababishi cha saratani ya ini, na hatari huzidi sana kwa mwenye homa ya ini aina ya B. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya kati ya nchi yetu. Nacho kichocho cha mkojo, kisipotibiwa, huumiza kibofu mwaka hadi mwaka na huweza kuleta saratani.

Mboga zenyewe hazitoki mbali. Mlenda, majani ya kunde, mapera na viazi vitamu vya rangi ya chungwa ni vyakula vyetu. Ngitili zilizofufuliwa Shinyanga tangu mradi wa HASHI ulipoanza mwaka 1986 zimerudisha pia matunda na mboga za porini. Hatusemi kwamba anayekula hivyo hatapata saratani kamwe. Tunasema kwamba amejipunguzia hatari kwa gharama ndogo, na hakujiongezea nyingine.

Sheria ya Madini, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, inazitaka kampuni zipange pamoja na halmashauri jinsi ya kuwahudumia wananchi wa maeneo yao. Tunazishauri halmashauri ziweke katika mipango hiyo maturubai ya kuanikia mahindi na karanga, maghala makavu, dawa za kichocho na chanjo ya homa ya ini kwa watu wazima. Mama lishe wa machimboni nao wasaidiwe kupata mboga za kutosha, ili sahani ya mchimbaji isiwe ugali na nyama tu kila siku.

Na wachuuzi wasiachwe huru kuwadanganya wagonjwa. Mwenye uvimbe usiopungua au mkojo wenye damu aende kituo cha afya mapema, ili ikibidi apelekwe Bugando. Kila mwezi anaoupoteza kwa vidonge vya mnadani ni mwezi ambao ugonjwa unausherehekea.