Kelele za Amplifaya Mpya: Tutafute Chanzo Kabla ya Kumtafuta Mkosaji



Wako wanaosema kwamba bendi ya tawi ni anasa na kwamba chama kishughulike na mishahara tu. Sisi hatukubali. Bendi ndiyo inayojaza uwanja siku ya mkutano mkuu. Ndiyo inayotusindikiza misibani. Ndiyo inayowafanya wachuma chai wa makabila mbalimbali wacheze pamoja na wenzao wa kiwandani. Jirani zetu wa Tanzania walilijua jambo hili zamani. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 ikiwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na jina la chama lilipobadilika, nayo ikabadilika: ikawa Juwata Jazz, baadaye OTTU Jazz, na leo inajulikana kama Msondo Ngoma. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba muziki si kazi ya chama.

Leo tunataka kusema juu ya jambo lililotupata hapa Uganda katika tawi letu la shamba la chai, ili matawi mengine yajifunze.

Mwaka 2023 wanachama walichanga fedha, wakanunua amplifaya mpya ya gita. Wazee wa bendi walitaka ile ya valvu, yaani vile vichupa vya kioo vinavyowaka wekundu ndani kama vya redio za zamani, kwa sababu sauti yake ni nzito na tamu. Valvu za namna hii hazitengenezwi tena katika nchi nyingi. Nyingi zinazouzwa siku hizi zinatoka Slovakia, Urusi na China, mikononi mwa wafanyakazi wenzetu wa huko. Basi mashine ikanunuliwa Kampala, ikapakiwa kwenye lori, ikatikiswa barabara ya vumbi hadi kwetu.

Siku ya Wafanyakazi, Mei 1, ikawashwa mbele ya watu. Mpiga gita alipogusa nyuzi nene, ikatoka kelele kama mfuniko wa sufuria inayochemka. Watu wakacheka. Kamati ikakaa usiku uleule, na kabla mtu yeyote hajaigusa mashine, mwenye hatia alikuwa amekwisha kupatikana: mpiga gita. Ilisemwa kwamba anapiga kwa nguvu mno na ameiharibu. Likatolewa pendekezo akatwe posho yake mpaka fedha za wanachama zirudi. Tulikuwamo katika kikao hicho, na tunasema bila kuficha kwamba sisi pia tulinyosha mkono.

Asubuhi yake tuliona haya. Ni mara ngapi tumeketi mbele ya meneja kumtetea mwenzetu aliyeandikiwa barua ya onyo kwa kuwa mashine imelia mikononi mwake, kumbe beringi imekwisha na hakuna aliyeitia grisi? Maneno tuliyoyakataa kiwandani ndiyo tuliyoyatumia sisi wenyewe kwa mwanachama wetu. Tukaomba utekelezaji usimame, na Jumapili iliyofuata tukamwita fundi wa mitambo wa kiwandani, naye mwanachama, tukaketi chini ya mwembe pamoja na mpiga gita.

Kwanza tuliitoa amplifaya peke yake nje. Ndani ya ukumbi kila kitu hulia: bati la paa, chupa za soda juu ya meza, na hasa zile nyaya zilizo chini ya ngoma ndogo ya dramu. Matawi mengi yameilaumu mashine kwa kosa la chupa. Kule nje kelele ilikuwapo bado, kwa hiyo tukajua ni yake.

Pili, mpiga gita alipiga noti mojamoja, polepole. Kelele ilikuja hasa kwenye uzi wa tano ukiwa wazi, na noti chache za jirani yake. Hili ni jambo kubwa. Kelele inayofuata noti fulani ni dalili ya kitu kilicholegea kinachotetemeka noti hiyo inapopigwa. Kelele inayokuwapo hata gita likinyamaza ni ugonjwa mwingine, tena mara nyingi wa umeme.

Tatu, tulikaza vya nje: mkono wa kubebea, miguu, skrubu za ubao wa nyuma, na nati za spika. Nati za spika hukazwa kwa kupishana, kidogo kidogo, kwa sababu ukikaza upande mmoja kwa nguvu, fremu ya spika hupinda. Skrubu tatu za ubao wa nyuma zilikuwa zimelegea kwa safari ya lori. Kelele ikapungua, lakini haikuisha. Hapo wengi huacha, wakasema yatosha. Fundi wetu alisema kwamba mashine iliyopona nusu bado ni mgonjwa.

Nne, tulitenganisha kichwa na mdomo. Tulizima amplifaya, tukachomoa spika yake, tukaiunganishia spika ya sanduku jingine yenye omu zilezile 8. Sauti ikawa safi. Kisha tukazima tena na kuchomoa plagi ukutani, tukaiacha valvu ipoe kabisa. Ndipo tukaipigisha spika ile mpya kwa amplifaya yetu ya zamani ya transista. Kelele ikarudi, ingawa mashine mpya ilikuwa imezimwa! Maana yake ni nini? Ni kwamba si umeme wa valvu uliokuwa ukilia. Ni kitu ndani ya sanduku kilichokuwa kikitikiswa na spika.

Tano, kwa kuwa valvu zilikuwa baridi, fundi aliweza kupitisha kidole kwenye kila kitu kilichoonekana kwa nyuma, gita likipigwa noti ileile. Aliangalia waya za spika kama zinagusa karatasi ya spika. Aliisukuma karatasi hiyo taratibu kwa vidole vya mikono miwili, haikukwaruza. Akagusa kisanduku cha springi za mwangwi, kelele ikaendelea. Alipogusa kibanio cha waya kinachoshikilia valvu ya pili kati ya zile kubwa, kelele ikakatika kama mtu aliyezibwa mdomo. Akaondoa kidole, ikarudi. Basi kumbe kosa lote lilikuwa kibanio kilicholegea, kinachogonga kioo. Mkono wa mpiga gita haukuwa na hatia yoyote.

Laiti kelele ingetoka pia kwenye spika ya pili, tungeshuku valvu yenyewe. Valvu ndogo za mwanzo, kama ile iitwayo 12AX7 ambayo Ulaya huiita ECC83, huweza kulegea vyuma vyake vya ndani. Ukiigonga taratibu kwa penseli mashine ikiwa imewashwa, mlio hutoka kwenye spika kama kengele. Dawa yake ni kuibadilisha na nyingine iliyo nzima, moja baada ya moja, mashine ikiwa imezimwa na kupoa. Ukibadilisha tatu kwa pamoja hutajua ipi ilikuwa mbovu.

Sasa tunakuja kwenye jambo lililotufanya tuandike makala hii. Usiku ule wa Mei Mosi, wakati kamati inabishana, kijana mmoja wa bendi alichukua bisibisi akaanza kufungua kasha la chuma la mashine, na plagi ilikuwa bado ukutani. Mama yake ni mchuma chai. Tulimkuta amebakiza skrubu mbili.

Ndugu, ndani ya kasha hilo umo umeme wa volti 300, 400 na zaidi, kuliko ule wa ukutani. Na hata ukichomoa plagi, mna vifaa viitwavyo kapasita vinavyoweza kuendelea kuutunza umeme huo. Mashine imezimwa, taa imezimika, na bado inaweza kuua. Tunayoyaeleza hapa yote hufanywa bila kufungua kasha la chuma. Ikifika hapo, mwachieni fundi wa redio anayejua namna ya kuutoa umeme huo kwanza. Tena amplifaya ya valvu isiwashwe ikapigwa bila spika, maana transfoma yake ya sauti yaweza kuungua. Na yule aliyetaka kukaza valvu kwa kipande cha ndala asahau: valvu kubwa huunguza mkono, na mpira wa ndala utayeyuka na kutoa moshi. Ipo mipira maalumu inayostahimili moto.

Tulipopiga simu dukani kabla ya uchunguzi, tuliambiwa kwamba watu wa mashamba hawajui kutumia vyombo. Baada ya uchunguzi hatukupiga simu tena, tuliandika barua. Tulitaja tarehe ya kununua na namba ya risiti, noti inayolia, hatua tulizopitia, na kwamba kasha halijafunguliwa. Vibanio viwili vipya vikaletwa bila malipo. Hatudhani roho ya mwenye duka ilibadilika. Mtu akiona mnajua mnachosema, hana pa kupenyezea maneno. Kwa hiyo tunzeni risiti, someni karatasi ya dhamana siku ya kwanza, na mwangalie kama valvu zimewekewa muda mfupi kuliko mashine yenyewe, maana mara nyingi ndivyo ilivyo.

Wako watakaosema: kelele zote hizi kwa ajili ya kibanio kimoja? Sisi tunasema ndiyo. Kwa ajili ya kibanio kimoja tulikaribia kumnyang'anya mwanachama posho yake na kumzika mtoto wa mwanachama mwingine. Haraka ya kutafuta mkosaji ndiyo ingefanya yote mawili.

Katika kikao cha Juni kamati ilifuta pendekezo lile na kumwomba radhi mpiga gita mbele ya wanachama. Alisimama, akasema maneno mafupi tu: kwamba wiki nzima alikuwa akipiga kwa woga, na kwamba gita linalopigwa kwa woga halichezwi na mtu. Kisha akaenda kuwasha mashine.

Tunapendekeza kila tawi lenye vyombo liwe na daftari la vyombo, liteue mtu wa kuvitunza, na liweke kanuni hii kwenye ukurasa wa kwanza: hakuna atakayelaumiwa kwa kuharibika kwa chombo mpaka chanzo kimejulikana. Ndiyo kanuni tunayoidai kwa mwajiri kila siku. Haifai tumdai mwajiri haki ambayo sisi wenyewe hatuwapi wenzetu.

Umoja ni nguvu.