Dawa Hufungua Mlango, Nani Ataingia?



Katika parokia zetu za Masisi na Walikale, mtu akinyamaza majuma mengi, asile, asilale, asitake kuonana na watu, sisi tuna jibu jepesi: "Asali zaidi." Wengine hunong'ona kwamba amerogwa. Na akirudi kutoka kituo cha afya akiwa na vidonge, twamtazama kana kwamba ameikana imani. Hapo twakosea.

Nabii Eliya, akiwa ameketi chini ya mretemu, aliomba afe (1 Fal 19). Malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamwamsha ale tena. Naye Yoshua bin Sira (sura ya 38) atufundisha kumheshimu daktari, kwa kuwa Mungu ndiye aliyeziweka dawa katika ardhi. Kanisa limelishika fundisho hilo: huko Goma, watawa wa Frères de la Charité wamewatunza wagonjwa wa akili katika kituo cha Tulizo Letu kwa miaka mingi.

Si kila huzuni ni ugonjwa. Anayemlilia marehemu wake au shamba alilolikimbia ana haki ya machozi yake. Lakini huzuni ikikaa bila kuondoka, ikamnyima mtu nguvu za kazi na hamu ya kuishi, huo ni ugonjwa, na ubongo nao unahusika.

Ndani ya ubongo mna sehemu ndogo yenye umbo la lozi, iitwayo amigdala. Ni kama mlinzi wa kijiji apigaye ngoma ya hatari. Kwa wagonjwa wengi wa huzuni nzito, mlinzi huyo hupiga ngoma kupita kiasi: hata uso wa kawaida huonekana umekunjamana. Picha za ubongo zimeonyesha kwamba dawa kama fluoksetini na nyingine za jamii yake huweza kumtuliza mlinzi huyo mapema, pengine kabla mgonjwa mwenyewe hajahisi nafuu. Nafuu yenyewe huchukua majuma kadhaa. Baadhi ya wataalamu hueleza hivi: dawa humwezesha mgonjwa kuuona tena wema, kisha akili hujifunza upya polepole kutokana na yale inayokutana nayo.

Basi mgonjwa akutane na nini? Dawa hufungua mlango, lakini haiwezi kuingia na kumsalimu. Kazi hiyo ni yetu. Utafiti uliofanywa vijijini katika Kivu Kusini na Kaskazini, ukachapishwa mwaka 2013, uliwahusu akina mama waliotendewa ukatili wa kijinsia. Waliokutana katika vikundi vya tiba ya mazungumzo, wakiongozwa na wasaidizi wa hapa hapa, walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa msaada wa mtu mmoja mmoja.

Vita navyo huufunga mlango huo. Mwaka 2025 mapigano yalifika Masisi-kati mwezi Januari, na Walikale-kati mwezi Machi. Anayekimbia usiku huacha vidonge nyumbani, na kuvikatiza ghafla huweza kuleta kizunguzungu, wasiwasi na kurudi kwa ugonjwa.

Kwa hiyo twawaomba, vijana. Mwenzenu anayeanza dawa msimwache peke yake katika majuma ya kwanza, maana kwa baadhi ya vijana mawazo ya kujiua huweza kuongezeka wakati huo. Akiyataja, mfikisheni kwa mwuguzi siku hiyo hiyo. Msimshauri aache vidonge kwa sababu amepona. Hilo ni la daktari. Mkihama pamoja, mkumbusheni abebe dawa na karatasi ya kituo cha afya. Salini naye, wala msifanye sala kuwa kisingizio cha kutomtembelea.

Eliya aliinuka, akaenda safari yake. Lakini kwanza mtu alimletea mkate, na hakuja mara moja tu.